Safu ya Chini

Jumatatu, 3 Machi

Dada yangu ameninunulia daftari. Anasema niandike humu, maana siku hizi nikifungua mdomo mbele za watu natema moto. Haya dada, nimekusikia.

Leo baraza la mji limeanza kujipima. Kila mwaka, mvua kubwa zikikaribia, tunajiweka wenyewe kwenye mizani. Kila idara inajipa rangi: kijani mambo yakiwa mazuri, njano yakichechemea, nyekundu yakiwa yameshindikana. Kisha tunaokota vikaratasi kwenye kofia ya dereva, kila idara inaangukia idara nyingine na kwenda kuikagua. Inafuata kamati, wanafuata madiwani, na mwisho matokeo yanasomwa ukumbini mbele ya wananchi. Wanasema kinyozi hajinyoi. Sisi tunajinyoa kila mwaka, na kipara tunakisifia.

Mimi ni katibu wa kamati hiyo. Naandika wanayoyasema. Wanayoyajua siyaandiki, hayamo kwenye ajenda.

Mkurugenzi ametupa mawaidha yale yale: nyekundu hata moja, mji unashuka daraja, tunawekwa kundi moja na "wale wenzetu". Alipowataja wale wenzetu alikunja pua kama aliyekanyaga kitu.

Jumatano, 5 Machi

Joto. Mume wangu karudi kutoka karakana na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Tumekula. Hatukuongea.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa Chiriku. Kila Jumamosi naenda, peke yangu.

Binti yetu alikuwa na miaka minne. Tulimwita Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla hajafumbua macho asubuhi, na usiku alilala katikati ya sentensi. Homa ilimchukua msimu wa mvua wa mwaka juzi. Amelala makaburi ya mji, safu ya chini kabisa kando ya kijito, maana wakati ule nafasi za juu walisema zimejaa. Baba yake ni seremala. Sanduku alilitengeneza mwenyewe, akalibeba mwenyewe, na tangu siku ile hajakanyaga tena kule. Hata jina halitaji. Nikilitaja mimi anainuka kwenda kutafuta kitu ambacho hakijapotea. Mwanzoni nilidhani ni uchungu. Sasa sijui. Kuna siku namtazama anavyokula na kushiba nasema, huyu moyo wake ni wa mbao ngumu ya mninga.

Leo nimeona ufa. Unaanzia kwenye ukingo wa kijito unapita nyuma ya safu ya chini, na kiganja changu kimeingia.

Msimamizi wa makaburi alikuwa amekaa mlangoni pa kibanda chake anakunywa chai. Mji mzima unamwita Beleshi. Mimi simpendi. Siku ya mazishi alitukimbiza kama mwenye duka anayetaka kufunga: "Haraka jamani, teremsheni, teremsheni!" Udongo wangu wa kwanza haujatulia, yeye na vijana wake wameshaanza kufukia. Mama gani anasahau jambo kama hilo?

Nikamwita, nikamwonyesha ufa.

"Nauona, mama," akasema. "Nauona tangu mwaka jana."

"Na unafanya nini?"

"Nimeshasema. Narudia kusema."

Akaendelea na chai yake. Nimeondoka nikiwa nimevimba kwa hasira.

Jumatano, 12 Machi

Rangi zimeletwa. Taka wamejipa kijani, na mlangoni pao kuna lundo ambalo lazima uliruke ndipo uingie. Barabara kijani. Masoko kijani. Maktaba wamejipa njano, kwa unyenyekevu tu, wasionekane wana majivuno. Na makaburi: nyekundu.

Chumba kilicheka. Mhazini, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akauliza, "Nyekundu ya nini? Kwani wameanza kutoka?" Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikakumbuka nani yuko kule, nikainamia karatasi zangu.

Nikadhani nimeshamjua Beleshi. Kwa taratibu zetu, pesa za matengenezo ya dharura hutolewa kwanza kwa wenye nyekundu. Kijani ni sifa, nyekundu ni fungu. Mjanja yule mzee, nikasema moyoni, anatafuta fungu. Halafu nikasema, basi alipate, ajenge ukuta, mimi nitakwenda kumpigia magoti.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Nimelala nasikiliza bati.

Jumatatu, 17 Machi

Vikaratasi. Barabara wanakagua Maji, Maji wanakagua Masoko, Masoko wanakagua Barabara. Nipe nikupe. Nani atampa mwenzake nyekundu hali wiki ijayo ni zamu yake kukaguliwa? Mkaguzi anapewa soda, anaonyeshwa ukuta uliopakwa rangi jana, anasaini. Nyani haoni kundule, lakini angalau huliona la mwenzie. Sisi hata hilo la mwenzie tunalifumbia macho.

Makaburi wameangukiwa na Fedha, yaani Mhazini mwenyewe. Nimefuatana naye kama katibu. Alivaa viatu vya ngozi vinavyong'aa, njia nzima anaruka madimbwi kama mbuzi. Beleshi hakutupa soda. Alituchukua moja kwa moja hadi safu ya chini, akachomeka fimbo kwenye ufa. Ikazama hadi mkononi.

"Mvua kubwa zikija mbili tatu mfululizo," akasema, "hii safu yote inakwenda. Nataka mawe na saruji. Vikikosekana, nataka ruhusa niwahamishie juu. Nimeongeza nafasi kule, nimefyeka hadi kwenye uzio."

Mhazini hakufanya utani. Alisimama mbele ya kaburi moja karibu na mwisho wa safu, akatazama chini muda mrefu. Nilidhani anasikitikia viatu vyake.

Mimi nilisimama kwa Chiriku. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nimesimama pale.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumanne, 25 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Kamati imekaa leo. Zimepita idara zote kama maji kwenye mfereji, kijani, kijani, kijani. Ilipofika zamu ya makaburi, Mkurugenzi akavua miwani.

"Wenzangu, hapa kuna tatizo dogo. Vipimo vya makaburi ni vitatu: malalamiko, nafasi, na usafi wa njia. Malalamiko mangapi?"

"Hakuna," akasema bwana wa Mipango.

"Nafasi?"

"Zipo za kutosha. Ameongeza mwenyewe."

"Njia?"

"Safi."

"Sasa nyekundu inatoka wapi?"

"Inatoka kwenye ukingo wa kijito," nikasema. Katibu hatakiwi kusema, lakini nilishasema.

"Ukingo si kipimo," akasema Mkurugenzi, kwa upole kabisa. Huyu bwana si mkatili. Ni mtu anayesoma alichowekewa mbele. "Ukingo tutauweka kwenye vipimo vya mwakani. Nakubaliana na wewe, ni jambo zuri."

"Mwakani hapatakuwa na ukingo. Na mimi nina mtoto pale."

Nikaona kila mmoja anatafuta pa kuweka macho. Mkurugenzi akashusha sauti, ile sauti ya msibani.

"Pole sana, mama. Kumbe. Basi unajua kanuni yetu. Mwenye maslahi kwenye jambo hutoka nje linapojadiliwa. Ni kwa ajili ya haki tu."

Kanuni hiyo naijua. Imewekwa kuzuia diwani asijipigie kura ya kiwanja chake. Nimeshawaandikia wengi, "alitoka nje saa fulani, akarudi saa fulani." Leo nimetoka mimi. Nikaacha kalamu mezani, nikasimama kwenye korido karibu na pipa la maji, nikawatazama kupitia kioo cha mlango. Midomo inafunguka, inajifunga. Mtu mmoja akapiga mwayo. Mhazini alikuwa ameinamisha kichwa anachora kitu pembeni ya karatasi. Mikono ikanyanyuliwa, yote. Wa mwisho kunyanyua alikuwa yeye.

Wakaniita. Nikakuta kalamu imesogezwa na maneno yameshaandikwa kwa mwandiko wa Mhazini: baada ya majadiliano, rangi imerekebishwa kuwa kijani.

Nimerudi nyumbani nimemweleza mume wangu yote. Alikuwa ananoa randa. Hakuacha kunoa.

Jumatano, 26 Machi

Mvua.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Mkurugenzi kapita mezani kwangu kaniachia tunda. Nimempa mlinzi.

Jumamosi, 5 Aprili

Kijito kimekuwa mto. Maji mekundu, yanavuta matawi. Ukingo umemeguka tayari, na kutoka miguuni kwa Chiriku hadi kwenye maji mtoto angeruka mara moja tu.

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kumtukana Beleshi kwa kukubali kijani chao. Nikamkuta ndani ya mtaro, maji yamefika magotini, anachimba ili maji ya mlimani yapite kando yasiiangukie safu. Vijana wake wawili walishahamishwa kwenda kupaka rangi nguzo za ukumbi. Yuko peke yake na mgongo wa mtu wa miaka sitini.

"Umekubali vipi kijani?" nikamwuliza kutoka juu.

"Sikukubali. Nilipigiwa simu nikaambiwa hongera."

Akapanda juu, akakaa kwenye nyasi akihema, akajifuta uso kwa mkono wenye tope, ukawa mchafu kuliko mwanzo.

"Mama Chiriku," akasema. Sikujua kama anamjua kwa jina hilo. "Unanichukia, na mimi najua kwa nini. Siku ile niliwakimbiza."

"Ulitukimbiza kama mbwa."

"Shimo lilikuwa linaingiza maji kwa chini. Ulikuwa umesimama upande ambao huoni. Nikasema, mama huyu akiona mtoto wake anateremshwa kwenye maji, hatalala tena maisha yake yote. Bora anichukie mimi."

Nilikaa chini pale pale kwenye tope na gauni langu safi. Nimelia kama siku ya kwanza. Beleshi hakuniambia nyamaza. Alipoona mvua inaanza tena, akashuka mtaroni.

Jumatatu, 7 Aprili

Kumbe mzazi anaweza kuomba mwenyewe kibali cha kumhamisha marehemu wake, bila kungoja idara. Beleshi ndiye aliyenidokeza. Lakini wazazi wote wawili lazima wakubali.

Nimemwambia mume wangu wakati wa kula.

"Hapana," akasema.

"Hapana vipi? Maji yatamchukua!"

"Tumeshamzika. Mtu hazikwi mara mbili. Mwache mtoto alale."

"Alale wapi, kwenye mto? Wewe hujafika kule tangu siku ile! Hujui hata ni kaburi la ngapi!"

Akainuka. Nikadhani anakwenda kutafuta kitu chake kisichopotea. Akasimama mlangoni ananipa mgongo.

"La tano kutoka kwenye mti uliokatwa," akasema, kisha akatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Nimemchukia leo. Naandika ili kesho nisijidanganye kwamba sikumchukia.

Jumatatu, 14 Aprili

Pesa za dharura zimegawanywa. Mimi ndiye niliyeandika, kwa hiyo najua. Mkurugenzi kauliza idara zenye nyekundu. Hakuna. Basi, akasema, kama hakuna nyekundu hakuna dharura, tuwape wenye njano. Maktaba wanapata bati jipya na rafu. Mkutubi alifurahi hadi akapiga makofi peke yake, masikini, hajui.

Nikaomba kusema. Mkurugenzi akanitazama kwa huruma ya kweli, akaniuliza kama nataka kutoka nje kidogo nikapate hewa.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Dada kaja, kapika, kaosha vyombo, kaondoka. Hakuuliza chochote. Mungu ambariki.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimeingia karakana kumwita mume wangu chakula nikamkuta anapiga randa ubao mdogo. Nikaujua urefu wake kabla sijauliza.

"Lile la zamani litakuwa limechoka," akasema bila kugeuka. "Akihamishwa atahitaji jingine."

"Si ulisema hapana?"

"Nilisema." Akapuliza vumbi la mbao. "Nimekwenda kule jana. Nimekwenda na juzi. Sikuweza kushuka hadi chini, nilisimama getini. Beleshi akanikuta, akanipa chai. Hakusema kitu yule mzee, akanipa chai tu."

Ametia saini. Nimemshika mkono wake wenye gundi na hakuutoa. Beleshi anasema tuje Jumanne asubuhi, Jumatatu ya Pasaka ofisi zimefungwa na kibali lazima kigongwe muhuri.

Muhuri!

Jumapili, 20 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Sanduku jipya liko sebuleni, limefunikwa shuka. Tunapita pembeni yake kama pembeni ya mtu aliyelala.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Nimemwambia twende leo, muhuri tutaupata baadaye. Tumekwenda. Barabara ya makaburi imekatika, maji yanapita juu ya daraja na mgambo ameweka kamba. Mume wangu alimsihi, akamwambia, "Ndugu yangu, mimi nina mtoto upande ule." Mgambo akadhani ni mtoto aliye hai, akashtuka, akataka kuita watu wa uokoaji. Ilibidi tumweleze. Akatuonea huruma, lakini kamba hakuilegeza, na maji yale hata mimi nisingeyavuka.

Tulisimama pale hadi giza.

Jumanne, 22 Aprili

Safu ya chini haipo.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilishindwa kuendelea juzi. Leo nitaandika.

Tulifika asubuhi, maji yalikuwa yameshashuka kwenye daraja, na mume wangu amebeba sanduku jipya begani. Beleshi alikuwa anatungoja getini. Alipotuona alivua kofia, na hapo nikajua. Mti uliokatwa haukuwepo, wala la kwanza, wala la tano. Palikuwa na ukuta wa udongo mwekundu uliokatwa wima, na chini yake maji yanapita yakiwa matulivu kabisa, hayana habari.

Beleshi alikuwa amewatoa wanne usiku ule wa Jumapili, wa upande wa juu ambako mtaro wake ulisaidia. Peke yake. Bila kibali cha mtu. Amewalaza kwenye kibanda chake chini ya turubai, na yeye amelala nje.

Mimi nilianguka. Sikumbuki vizuri. Nakumbuka mume wangu amesimama na lile sanduku begani, hajui aliweke wapi. Alisimama hivyo muda mrefu sana. Kisha akaliweka chini, akaokota sepetu, akamwuliza Beleshi, "Hawa wanne wanakwenda wapi?"

Wakachimba siku nzima, watu wawili, makaburi manne ya watu tusiowajua. Mchana akaja Mhazini, na viatu vile vile. Nikajiambia leo nitamng'ata. Akapita hadi ukingoni, akatazama, akakaa chini kwenye tope akashika kichwa.

"Mama yangu," akasema. "Wa pili kutoka mwisho."

"Mama yako alikuwa hapa?" nikamwuliza. "Na ulinyanyua mkono?"

"Ningesema, ningetolewa nje kama wewe. Nikasema nikae, angalau abaki mtu mmoja ndani. Nikabaki. Halafu wote wakanyanyua, Mkurugenzi ananitazama…" Akatazama tena maji. "Nilibaki ndani nikanyanyua, mama. Bora wewe ulikuwa koridoni."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, makali, nimeyanoa mwezi mzima. Mume wangu akampa sepetu ya pili.

Ijumaa, 2 Mei

Ukumbi. Nguzo zimepakwa rangi nzuri. Mkurugenzi alinionea huruma akasema mwingine asome, nikakataa. Nimesoma mwenyewe kwa sauti: Taka, kijani. Barabara, kijani. Masoko, kijani. Makaburi, kijani.

Mtu nyuma akauliza kwa sauti, "Makaburi yapi? Yale yaliyokwenda na maji?"

Mkurugenzi akaeleza kwamba tathmini inahusu kipindi kilichoishia mwisho wa Machi, na kwamba maporomoko, ambayo sote yametuhuzunisha, yataingia katika kipindi kijacho. Watu wakanung'unika. Mji haukushuka daraja. Kulikuwa na soda.

Jumatano, 7 Mei

Jua. Mvua zimekwisha kama hazikuwahi kuja.

Jumapili, 11 Mei

Ijumaa Beleshi alituma mtu. Maji yaliposhuka, chini kabisa kwenye mabonde ya mchanga, wakulima wameona kisanduku kimoja kidogo.

Safu ya chini ilikuwa na watoto watatu. Mmoja wetu. Mwingine wa mama anayeuza mboga karibu na stendi, na wa tatu wa mwalimu wa chekechea, mwanamke mrefu mpole ambaye nilikuwa nakutana naye Jumamosi tukiitikiana kwa kichwa tu. Leo asubuhi tumekutana sote kwenye kibanda cha Beleshi, wanawake watatu na waume zetu, tukizunguka kile kitu chini ya turubai. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Kila mmoja alikuwa anaomba kitu kile kile, na kila mmoja anaona aibu, maana kumwombea wako ni kuwanyima wenzako.

Kibao hakikuwepo. Jina hakuna. Muuza mboga ndiye aliyemgeukia mume wangu.

"Fundi," akasema, sauti imekauka, "masanduku yote matatu ulitengeneza wewe. Wewe utajua."

Kweli, mji huu masanduku madogo anayatengeneza yeye peke yake, wengine hawataki. Akapiga magoti. Ubao mmoja wa pembeni ulikuwa umebanduka, Beleshi ameuweka juu. Mume wangu akauokota, akaugeuza, akaupapasa polepole kwa kiganja chote kama mtu anayetafuta mwiba. Mimi nilimtazama usoni. Sikuona kitu.

"Siwezi kujua," akasema. "Mbao ni ile ile, kipimo kile kile. Anaweza kuwa wa yeyote kati yetu."

Mwalimu akaanza kulia kwa sauti ndogo. Muuza mboga akamshika. "Basi ni wetu," akasema. "Ni wetu sote. Si ndiyo?" Akanitazama mimi. Nikasema ndiyo.

Mume wangu akarudishia ule ubao kwa mkono wake, misumari akiigonga taratibu, kisha akaweka kisanduku kile ndani ya lile sanduku jipya. Tumemzika juu, karibu na uzio, mahali pakavu. Safari hii hakuna aliyetukimbiza. Mama watatu tulimwaga udongo, na kila mmoja akasema jina lake kwa sauti, majina matatu kwenye shimo moja. Mume wangu alisema Chiriku. Mara ya kwanza tangu afe.

Tulipomaliza, Beleshi alisogea kwetu ameshika kofia, anaona haya.

"Samahanini sana. Kila robo ya mwaka wananiuliza nimezika wangapi, wanaweka kwenye vipimo. Hapa nitasema mmoja, au watatu?"

Tulitazamana.

"Watatu," akasema mume wangu. "Wakikubishia, niite."

Tumerudi nyumbani kwa miguu. Alikuwa mbele, kisha akapunguza mwendo hadi nikamfikia. Tulipofika karibu na nyumbani akasimama.

"Alikuwa wetu," akasema.

Sikumwelewa.

"Masanduku ya watu napiga randa nje tu, ndani nani ataona. La kwake nilipiga na ndani. Ili lisimkwaruze." Akakunjua kiganja. "Ule ubao ni laini pande zote mbili, mke wangu. Ni yeye."

Nikamshika begani. Nilitaka kurudi mbio kule, nikalale juu ya ule udongo niseme ni wangu, ni wangu peke yangu.

"Ungesema," nikamwambia. "Kwa nini hukusema?"

"Na wale mama wawili wangerudi nyumbani na nini?"

Nimewaza jioni yote. Jumamosi nitamkuta mwalimu pale, na muuza mboga, wanaongea na mtoto wangu kwa majina ya watoto wao. Nitakaa nao. Nitawaitikia.